Shamba Kwanza, Rangi Baadaye: Kupanga Picha za Mandhari ya Mashamba Wakati wa Vuli

Ndugu Mwenyekiti, wapigapicha wenzangu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumze kuhusu namna ya kupanga picha za mandhari ya mashamba wakati wa vuli, na kabla sijaingia ndani ya mada sina budi kulifafanua neno hilo la mwisho, kwa sababu katika lugha yetu limebeba mizigo miwili. Wengi wetu tukisikia vuli tunazikumbuka mvua fupi za mwisho wa mwaka. Jioni hii nalitumia kwa maana yake ya pili, yaani kipindi kinachofuata majira ya joto katika nchi zilizo mbali na ikweta, ambapo majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika: kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Desemba katika nusu ya kaskazini ya dunia, na kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Juni katika nusu ya kusini.

Mara yangu ya kwanza kupiga picha katika majira hayo nilikaa siku 4 katika bonde moja la mashamba, nikarudi na picha zaidi ya 400 na kifua kimejaa majivuno. Miti ilikuwa imewaka manjano, rangi ya chungwa na wekundu, nami nilikuwa nimeelekeza kamera kila palipowaka. Nilipoketi kuzichambua, furaha ikaanza kuyeyuka, kwa kuwa kila picha ilisema jambo moja tu, kwamba palikuwa na rangi nyingi. Siku moja, kwa sababu ambayo leo siikumbuki, niliziondolea rangi zote katika kompyuta nikazitazama upya zikiwa nyeusi na nyeupe. Zilisalimika 3. Nyingine zote ziligeuka vurugu la kijivu ambalo jicho halikujua liingilie wapi wala litokee wapi. Na katika hizo 3 moja niliipiga siku ya mawingu mazito, nikisubiri jua litoke, na haikuwa na jani jekundu hata moja: shamba lililolimwa karibuni, uzio unaopanda kilima, na banda dogo kileleni. Macho hayana pazia, ndivyo tusemavyo, na sijui majira mengine yanayouthibitisha usemi huo kwa mpigapicha kama vuli.

Ninalotaka kulitetea mbele yenu ni kwamba shamba limekwisha kupangwa kabla yetu. Safu ya miti iliyo pembezoni haikuota yenyewe. Ilipandwa ikinge upepo. Matuta yanayopinda kando ya mteremko yanafuata usawa wa ardhi ili maji yasichukue udongo. Banda limejengwa palipoinuka na pakavu, na njia kutoka nyumbani kwenda zizini imenyooka kwa sababu watu walioipita kila alfajiri hawakuwa na muda wa kuzunguka. Mistari hiyo yote ina sababu, na jicho la mtazamaji, hata asipozijua sababu zenyewe, huhisi kwamba kitu fulani kimewekwa mahali pake. Kazi yetu basi ni kutafuta mahali pa kusimama ambapo mpangilio ule wa mkulima unasomeka ndani ya fremu ya mstatili. Rangi ya majani inakuja baadaye, juu ya mifupa iliyokwisha kusimama.

Tena vuli ndiyo majira yanayoifunua mifupa hiyo. Katika majira ya joto mimea mirefu huifunika ardhi yote kama blanketi, na shamba la mahindi linalotazamwa kutoka barabarani huwa ukuta wa kijani tu. Mavuno yakiisha, mikunjo ya ardhi hujitokeza: unaliona bonde dogo ambalo hukujua kama lipo, unaziona alama za magurudumu ya trekta, unaona mahali ambapo mabua yaliyobaki yamesimama kwa safu na mahali ambapo plau imekwisha kupita na kuacha udongo mtupu. Watu wengi hufikiri kwamba thamani ya vuli iko mitini. Mimi ningewaomba muanze kuitazama chini, ardhini, ambapo katika juma moja shamba lile lile linaweza kuwa na vipande vya rangi ya dhahabu, vya hudhurungi na, palipopandwa ngano ya kupita majira ya baridi, vya kijani kibichi kabisa, kwa kuwa ngano hiyo hupandwa vuli na kuchipua wakati ule ule majani ya miti yanapoanguka. Kijani hicho kichanga kikikaa kando ya udongo uliolimwa huwa na nguvu katika picha kuliko mti mzima wa majani mekundu.

Sasa niseme juu ya kusimama, jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Wapo wanaoamini kwamba lenzi ndefu husogeza vitu pamoja na lenzi pana huvitawanya. Ukweli ni kwamba uhusiano wa ukubwa kati ya vitu vilivyo karibu na vilivyo mbali unatokana na mahali ulipo wewe, basi. Lenzi inakata tu sehemu kubwa au ndogo ya kile ambacho ungekiona kutoka hapo. Ukitaka kilima cha nyuma kionekane kikubwa juu ya banda, rudi nyuma mbali na banda, kisha utumie lenzi ndefu kukata kipande unachokihitaji. Ukitaka njia ya shamba itawale na kilima kiwe kidogo kwa mbali, isogelee njia na uishushe kamera. Hata hivyo mara nyingi marekebisho yanayookoa picha ni madogo mno. Hatua 2 kwenda kushoto hutenganisha mti na paa la ghala ambavyo vilikuwa vimegandana na kuonekana kitu kimoja kisicho na jina. Kupanda juu ya kingo ya mfereji, pengine kwa kimo cha mita 1 tu, hufungua nafasi kati ya matuta ambayo kutoka chini yalikuwa yamelaliana. Mimi hutembea kwanza nikiwa na kamera begani, bila tripodi, yaani stendi ya miguu 3, kwa sababu tripodi ikishasimamishwa humfanya mtu kuwa mvivu wa miguu.

Kimo chenyewe kinabadilisha aina ya picha. Katika eneo la Palouse, jimbo la Washington nchini Marekani, kuna mlima uitwao Steptoe Butte unaofika mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari na kuyazidi mashamba yanayouzunguka kwa mita 300 hivi. Wapigapicha huenda pale na lenzi ndefu, kwa sababu kutoka juu upeo wa macho unaweza kuachwa kabisa nje ya fremu na vilima vya mashamba vikajaza picha nzima, kila kimoja kikiwa na kivuli chake na mistari yake ya plau au ya mashine ya kuvunia. Picha ya namna hiyo haina mbele wala nyuma inayoeleweka mara moja. Inasomwa kama kitambaa. Kinyume chake ni picha ya chini, ambapo kamera iko karibu na ardhi na mabua ya mbele yanakuwa makubwa kama nguzo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa methali hiyo haina fumbo lolote: magoti yatalowa umande.

Anayepiga picha ya chini anahitaji kuwa na ukali wa picha kuanzia mabua yaliyo mbele hadi kilima cha mbali, na jambo hilo linahesabika. Kwa kamera yenye kihisi kamili (kile kipande kinachopokea mwanga) cha milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 24 ikiwa na tundu la kupitishia mwanga la f/11 (namba ikikua, tundu hupungua), ukilenga fokasi umbali wa mita 1.75 hivi utapata ukali unaokubalika kuanzia chini kidogo ya mita 1 hadi mwisho wa macho. Wengi hulenga kilima cha mbali kwa hofu, kisha wanashangaa kwa nini mbele pamefifia. Kubana tundu hadi f/22 si dawa nzuri, kwa sababu mwanga unaopenya katika tundu dogo mno hujitawanya na picha nzima hupoteza ukali. Hayo yanatosha kuhusu hesabu za lenzi.

Nimewahi kuulizwa mara nyingi kuhusu kanuni ya theluthi, na kwa kuwa mada yetu ni mashamba, nina sababu nzuri ya kuitaja asili yake. Aliyeiandika kanuni hiyo kwa jina hilo ni mchoraji na mchongaji Mwingereza John Thomas Smith, mwaka 1797, katika kitabu kilichohusu mandhari ya vijijini, vibanda na yote yanayovizunguka. Alichopendekeza ni kwamba anga lichukue theluthi 2 za picha na vilivyomo ardhini theluthi 1, au kinyume chake, kwa hoja kwamba mgawanyo usio sawa una uhai kuliko nusu kwa nusu. Ukiisoma kwa maana hiyo, kanuni ni uamuzi wa kipaumbele: katika picha hii, mwenye neno ni anga au ni ardhi? Wengi tumeigeuza kuwa vitanzi 4, pale mistari 2 ya wima na 2 ya mlalo inapokutana, ambavyo kila kitu kinapaswa kuning'inizwa, na kamera zetu zinatuchorea mistari hiyo kwenye kioo. Sina ugomvi na mistari, ila katika shamba la vuli mara kwa mara theluthi 1 ya anga ni nyingi mno. Anga likiwa jeupe, lisilo na wingu lenye umbo, libakize upana wa kidole juu ya vilima, au liondoe lote. Na likiwa na wingu la mvua jeusi huku jua likipiga mabua chini yake, lipe hata robo 3, na shamba libaki ukanda mwembamba wa dhahabu unaong'ang'ania chini.

Nije kwenye mwanga, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu vuli inampa mpigapicha zawadi ambayo si ya majani. Jua la adhuhuri wakati wa ikwinoksi, yaani siku ambazo usiku na mchana hukaribia kulingana, hufika pembe ya nyuzi 90 ukitoa latitudo ya mahali ulipo. Katika latitudo ya nyuzi 45 kaskazini, kwa mfano, jua la adhuhuri mwishoni mwa Septemba liko nyuzi 45 juu ya upeo. Mwishoni mwa Oktoba limeshuka karibu na nyuzi 32, na katika juma la 3 la Novemba liko nyuzi 25 tu. Maana yake ni kwamba mwanga wa chini, ule ambao katika majira ya joto tunaupata kwa saa chache za asubuhi na jioni, mwishoni mwa vuli unadumu karibu siku nzima. Mti wenye kimo cha mita 10 hutupa kivuli cha mita 37 jua likiwa nyuzi 15, na likiwa nyuzi 5 kivuli hicho kinafika mita 114. Kivuli cha urefu huo huwa kitu kamili ndani ya picha, chenye uzito kuliko mti wenyewe, na kinapaswa kupangwa kama tunavyopanga njia au uzio: kinaanzia wapi, kinaelekea wapi, kinakatiza nini. Kivuli chako mwenyewe pia kitataka kuingia, na nimezitupa picha nyingi ambazo kichwa changu kilitokeza kwenye kona kama mgeni asiyealikwa.

Mwelekeo wa mwanga ndio unaoamua iwapo matuta yataonekana au la. Jua likiwa mgongoni kwako, shamba lililolimwa hulala bapa kama mkeka, hata kama lina mikunjo mizuri namna gani, kwa kuwa kila kivuli kimejificha nyuma ya tuta lake. Jua likiwa ubavuni, upande 1 wa kila tuta unang'aa na wa pili unaingia gizani, na mistari inajichora yenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kulala hotelini, angalia ramani ujue matuta yanaelekea upande gani na jua litachomoza wapi; likikatiza matuta, mistari utaipata, na likienda sambamba nayo, utaikosa. Jua likiwa mbele yako, nyuma ya miti, jambo jingine hutokea: majani hupitisha mwanga na kuwaka kwa ndani, na mizabibu au mitofaa iliyopandwa kwa safu inageuka mistari ya taa. Picha hiyo ni nzuri, ila inahitaji kitu cheusi mbele yake, shina la mti au ukuta wa ghala lililo kivulini, la sivyo mwanga unamwagika kila mahali na jicho halipati pa kushika.

Asubuhi za vuli zina ukungu, nao una utaratibu wake. Usiku ukiwa mweupe, bila mawingu na bila upepo mkubwa, ardhi hupoteza joto lake haraka, hewa yenye unyevu iliyo karibu nayo hupoa, na ukungu unajikusanya mabondeni ambako hewa baridi huteremkia. Hivyo utabiri wa anga safi na upepo mdogo baada ya siku ya mvua ndio unaopaswa kukuamsha saa 10 za alfajiri. Ukungu unafanya kazi ambayo sisi tunahangaika kuifanya kwa miguu: unatenganisha vitu. Safu ya miti ya karibu inabaki nyeusi, ya pili inakuwa kijivu, ya tatu inakaribia kupotea, na shamba lililokuwa limebanana linapata kina. Simama juu kidogo ya ukungu kama unaweza, na usiwe na haraka ya kuondoka jua likichomoza, kwa kuwa dakika ambazo ukungu unaanza kupasuka na paa la ghala kutokeza ndizo zenye picha. Sakitu nayo, ile barafu nyembamba inayoshika majani usiku wa baridi kali, inachora kingo za kila kitu kwa mstari mweupe, ila inayeyuka mara jua linapoigusa, na kwa hiyo hupigwa ikiwa bado kivulini au pale pale mpaka wa kivuli unapoanza kusogea.

Siku ya mawingu msiiogope. Rangi za majani huwa tulivu na zimeshiba, hasa zikiwa na maji ya mvua, kwa sababu hakuna mng'ao wa jua juu ya jani. Kitu cha kukimbia siku hiyo ni anga.

Sasa rangi yenyewe, ambayo nimeifukuzia mlangoni muda wote huu. Manjano ya majani yalikuwamo ndani ya jani tangu mwanzo, yamefunikwa na kijani. Siku zinapofupika mti huacha kutengeneza kijani hicho na kilichofichwa kinatokea. Wekundu wa miti mingi ni jambo jingine: hutengenezwa upya wakati wa vuli kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani, na hushamiri mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa wa baridi isiyofikia kugandisha. Ndiyo maana manjano hutegemeka mwaka hadi mwaka na wekundu hubadilikabadilika. Kwa anayepanga picha, somo lililomo humo ni kwamba asiifunge safari yake kwenye wekundu. Tena wekundu una uzito mkubwa: mti 1 mwekundu katika kona ya picha unalivuta jicho kuliko shamba zima la manjano, na ukiuweka pasipo sababu utaivunja mizani ya picha nzima. Katika nchi ambazo maghala hupakwa rangi nyekundu, mtego ni kuliweka ghala mbele ya mti mwekundu kwa kudhani kwamba viwili vitasaidiana. Vinagombana. Ghala jekundu linataka usuli wa mabua ya manjano, wa kijani cha ngano changa, au wa ukungu.

Kamera nayo inahitaji kuangaliwa mahali 2 au 3. Istogramu ya jumla, ile grafu ya kamera inayoonyesha mgawanyo wa mwanga katika picha, inaweza kuonyesha kwamba picha iko salama huku rangi nyekundu peke yake imekwisha kuvuka mpaka, na jani likawa doa bapa lisilo na mishipa. Tazama istogramu ya kila rangi na upunguze mwanga kidogo panapohitajika. Kamera ikiachiwa kupanga weupe yenyewe huuona wekundu wa jua la jioni kuwa kosa na kuusahihisha, kwa hiyo iweke kwenye mwanga wa mchana, karibu na 5,500 kwa kipimo cha rangi ya mwanga kiitwacho kelvini. Kichujio cha polaraiza huondoa mng'ao wa majani yaliyolowa na kufanya kazi vizuri zaidi ukielekea nyuzi 90 kutoka jua, lakini kwenye lenzi pana hulitia anga giza upande 1 na kuliacha jeupe upande wa pili, nami nimekoma kukitumia hapo.

Viumbe hai ndani ya shamba hubadilisha mpangilio wote. Mwaka 1565 mchoraji Pieter Bruegel alichora kundi la ng'ombe wakirudishwa kutoka malishoni katika vuli, na wengi wa ng'ombe hao wametupa mgongo, wakielekea ndani ya picha, kuelekea kijijini. Kila ninapokutana na mifugo njiani naikumbuka migongo ile. Mazoea yetu ni kungoja mnyama ageuke atutazame. Akigeuka, tunapata picha ya ng'ombe, na mandhari inakuwa pazia tu nyuma yake. Akienda zake, anatuchukua pamoja naye. Ndivyo ilivyo kwa mtu pia: mkulima mdogo kwa mbali, mwenye nafasi tupu mbele yake ya kutembelea, hutoa kipimo cha shamba zima bila kulinyang'anya shamba picha yake.

Je, inafaa kusogeza vitu? Mwaka 1936 mpigapicha Arthur Rothstein, akifanya kazi ya serikali ya Marekani ya kuonyesha hali ya wakulima wakati wa ukame, alikuta fuvu la ng'ombe katika jimbo la South Dakota, akalipiga picha mahali mbalimbali baada ya kulisogeza umbali wa mita chache. Magazeti yaliyoipinga serikali yalipogundua kwamba fuvu lilikuwa limehamishwa, yalipiga kelele za ulaghai, na picha iliyopigwa kwa nia njema ikawa silaha ya kuishambulia kazi yote. Mimi naokota chupa ya plastiki iliyotupwa njiani na kuondoka nayo mfukoni. Boga silisogezi, robota la majani makavu silisogezi, na lango lililofungwa linabaki limefungwa. Si suala la uaminifu peke yake. Kitu alichokiweka mkulima mwenyewe karibu kila mara kimekaa vizuri kuliko ambavyo ningekiweka mimi, kwa kuwa kimewekwa na kazi.

Kurudi mahali pale pale ndiko kuliko na faida kubwa, ingawa ni ushauri usiopendwa. Kuanzia mwishoni mwa majira ya joto ya 1890 hadi 1891 mchoraji Claude Monet alichora marundo ya nafaka yaliyokuwa katika shamba karibu na nyumba yake huko Giverny, Ufaransa, michoro ipatayo 25, kwa nyakati tofauti za siku na majira tofauti. Umbo la rundo ni rahisi kiasi kwamba mtoto angeweza kulichora. Kwa kuwa umbo lilikuwa limekwisha kutatuliwa, mkono wake ulikuwa huru kushughulikia mwanga. Nasi tukishapata mahali pa kusimama panapolisoma shamba vizuri, tusipakimbie kwa sababu leo mwanga ni mbaya. Mimi hupigilia kigingi kidogo ardhini, kwa ruhusa ya mwenye shamba, ili kesho miguu ya tripodi irudi pale pale.

Nimesema kwa ruhusa, na neno hilo sikulitupia tu. Shamba ni mahali pa kazi na ni nyumbani kwa mtu. Katika mji mdogo wa Pomfret, jimbo la Vermont nchini Marekani, kuna shamba moja la watu binafsi ambalo picha zake za vuli zilisambaa mitandaoni kiasi kwamba magari yaliziba barabara nyembamba ya vumbi na wageni wakaingia ndani ya uzio. Mwaka 2023 barabara hiyo ilifungwa kwa wageni kuanzia tarehe 23 Septemba hadi 15 Oktoba, yaani wiki zile zile ambazo majani yalikuwa katika uzuri wake. Watu walitoka mbali kwenda kuipiga tena picha waliyokwisha kuiona, kutoka mahali pale pale, na matokeo yake hakuna aliyeipata. Kupiga hodi hakuchukui dakika 5, na mara nyingi mwenye shamba ndiye anayejua kwamba nyuma ya kilima kuna njia ambayo jioni hupigwa na mwanga wa ubavuni, kwa kuwa ameipita jioni zote za maisha yake.

Ndugu Mwenyekiti, nimeambiwa kwamba wanachama wameleta picha zao za vuli na kwamba zitaonyeshwa sasa hivi ukutani ili tuzijadili. Namwomba anayeendesha projekta atufanyie hisani moja: duru ya kwanza atuonyeshe zote bila rangi, hata zangu 3 nilizomkabidhi mlangoni, na kila mtu aandike zile ambazo jicho lake limepata njia ya kuingilia. Duru ya pili atazirudishia rangi.